Gari ikikuzimikia Chalbi: dalili, sababu na jinsi ya kujitoa

Hii nawaandikia wale mnaoshuka kutoka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mkapita jangwa la Chalbi kwenda Maikona, Kalacha, North Horr mpaka kule Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, uwe umebeba dawa za zahanati, mizigo ya duka ama wageni. Njia hiyo nimeipita miaka mingi na Land Cruiser pikapu ya injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na tabo wala kompyuta, ndo maana mifano yangu mingi ni yake. Kama yako ni ya kisasa yenye sensa kila mahali, mambo ya tairi, maji na mchanga yanakuhusu vile vile, ila ya dizeli soma ukijua yako ina tabia zake.

Gari huku mara nyingi haifi ghafla. Inaanza kukuambia tangu asubuhi, sindano ya joto imesimama upana wa kidole juu ya pale ilipozoea, kuna harufu ya mpira, kuna mlio wa tok tok ambao jana haukuwepo, alafu dereva anasema tutaangalia tukifika. Kutoka Marsabit unateremka zaidi ya mita 800 mpaka uwanda wa Chalbi, mchana joto linapita nyuzi 40, na ukishafika chini fundi aliye karibu ni wewe. Kwa hivo simama dalili ikiwa bado ndogo, hata kama abiria wananung'unika.

KABLA HUJAFUNGUA BONETI

Gari imezima saa saba mchana. Usishike spana kwanza. Tandika turubai upande wa kivuli, toa watu ndani manake gari iliyosimama juani ni tanuri, alafu hesabu maji mbele ya kila mtu ili wote wajue yako mangapi. Mimi napakia lita 10 za mtu mmoja kwa siku na naongeza siku mbili za ziada, na haya ya kunywa siyachanganyi na ya rejeta, jerikeni zake ni za rangi tofauti kabisa hata usiku usikosee. Maji ya rejeta yenye kolanti usinywe hata tone, ni sumu na utamu wake unadanganya, hata mbuzi usimpe. Kazi ya kuchimba na kuinua gari iache mpaka jua lipoe, ama amka nayo alfajiri. Nimeona vijana wenye nguvu wakishika sepeto saa nane mchana, nusu saa haijaisha mmoja anatapika na kichwa kinamgonga, sasa badala ya gari mbovu una gari mbovu na mgonjwa.

SINDANO YA JOTO INAPANDA

Hii ndo inasumbua wengi, na kosa ni kudhani kuchemka ni ugonjwa mmoja. Jiulize inapanda wakati gani.

Kama inapanda ukiwa polepole, kwenye mchanga mzito ama ukipanda kurudi Marsabit, na ukipata mwendo inashuka yenyewe, shida ni hewa haipiti kwenye rejeta. Angalia fani belti kwanza, imelegea ama imekatika uzi. Alafu zima injini kabisa ikiwa bado moto, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka bure kama pia ujue ile klachi ya feni imeisha, inatakiwa uisikie nzito mkononi. Hapo huna dawa ya haraka, tembea na gia ndogo, resi ya wastani, simama mara nyingi, na ule mlima uupande alfajiri. Kuna pia jambo la upepo ambalo wageni hawalijui. Pande za mlima Kulal na ziwa upepo unavuma kwa nguvu sana kutoka kusini mashariki, sasa ukiwa unaenda nao mwelekeo mmoja kwa mwendo mdogo, rejeta haipati hewa yoyote, gari inachemka na haina ubovu wowote. Geuza pua iangalie upepo, iache injini ingurume bila mzigo, washa hita kwa nguvu yote na madirisha wazi, utaona sindano inashuka ndani ya dakika chache.

Kama inapanda ukiwa kasi na ukipunguza inatulia, shida ni maji hayazunguki vizuri ama rejeta imeziba. Chungulia katikati ya mapezi ya rejeta, kuna mbegu za nyasi, kuna wadudu, kuna tope la laga (mto mkavu wa msimu) ya jana limekauka. Osha kwa maji ukitokea upande wa injini kwenda mbele, usisukume uchafu uingie ndani zaidi. Kama ni safi nje, basi ndani imejaa kutu ama thamostati, ile valvu ya kufungulia maji yakipata moto, haifunguki. Thamostati unaweza kuitoa ukafika nyumbani bila hiyo.

Kama imepanda ghafla na hita inatoa hewa baridi, zima hapo hapo, usitafute kivuli cha mti kile pale mbele, zima. Maana yake hakuna maji. Na kuna mtego mmoja hapa, wakati mwingine sindano inapanda alafu inashuka mpaka chini ghafla, dereva anashukuru Mungu anaendelea. Sindano imeshuka kwa sababu ile sensa haina tena maji ya kupima, imebaki kwenye mvuke. Injini inaungua na dashibodi inakuambia mambo ni shwari.

Mfuniko wa rejeta unashika presha, ule wa 0.9 bar unafanya maji yachemke karibu nyuzi 120 badala ya 100, ukiufungua moto maji yote yanageuka mvuke mara moja na yanakurukia usoni. Subiri. Nusu saa ni kidogo kwa joto la Chalbi, shika hosi ya juu kwa mkono, ikibonyea laini ndo uweke kitambaa kizito, fungua hatua ya kwanza, acha ipumue, ndo umalizie. Na maji unayoongeza weka kidogo kidogo injini ikiwa imepoa, maji baridi kwenye chuma kikavu cha moto yanapasua silinda hedi na hapo safari imeisha.

Hosi ikipasuka, kausha, kata ukanda mrefu wa tubu kuukuu, ile blada tunayofungia mizigo, izungushe ukiivuta kwa nguvu zako zote, mizunguko mingi kuvuka ufa pande zote mbili, funga na waya juu. Alafu mfuniko wa rejeta uuache kwenye hatua ya kwanza usikaze mpaka mwisho, presha isije ikafungua kazi yako. Utaongeza maji njiani lakini utafika. Rejeta yenyewe ikitoboka kwenye mapezi, ule mrija mmoja unaovuja unaubana kwa koleo pande zote mbili na kupaka gundi ya chuma. Mambo ya kumwaga mayai na pilipili manga ndani mimi siyapendi, yanaziba tundu na yanaziba kila kitu kingine pia.

Ukiona povu halikomi kwenye rejeta injini ikinguruma, moshi mweupe hauishi hata ikipata moto, na oili kwenye kijiti imekuwa kama chai ya maziwa, hiyo ni hedi gasketi, ile ya kuziba chini ya silinda hedi, imeungua. Usiilazimishe. Tafuta wa kukuvuta.

INAKOHOA, INAKOSA NGUVU, INAZIMA

Angalia moshi kabla ya kufungua chochote. Moshi mweusi na gari nzito, injini haipati hewa, toa filta ya hewa uigonge taratibu kwa kiganja vumbi lianguke, na ukiwa na pampu ya upepo puliza kutoka ndani kwenda nje na si kinyume. Ukiwa nyuma ya gari ingine vumbi lake lote unalila wewe, acha nafasi mpaka lishuke. Gari haina nguvu na haina moshi wowote, basi ni dizeli haifiki.

Kwa dizeli anza na ya bure. Fungua kifuniko cha tanki ukiwa umetega sikio, ikivuta hewa fyuuu kwa nguvu, kipumulio cha tanki kimeziba vumbi, tanki linanyonywa na hakuna hewa ya kujaza nafasi. Endesha kifuniko kikiwa kimelegea na kitambaa kimefungwa juu mpaka uzibue. Hii inadanganya sana kwa sababu gari ikipumzika robo saa inawaka tena vizuri, unaenda kilomita chache inakufa tena, na watu wanabadilisha pampu nzima kwa ugonjwa wa tundu la mpira.

Alafu maji kwenye dizeli. Ukishapita Marsabit mafuta mengi unayouziwa yanatoka kwa dramu, na dramu hulala nje. Mimi siweki bila kichujio cha kitambaa kwenye faneli, hata muuzaji akinung'unika. Ukishuku, legeza ile skrubu ya chini ya filta, kinga kwenye chupa ya plastiki inayoonekana ndani, iache itulie. Maji yatakaa chini na dizeli juu, mpaka wake utauona wazi kabisa. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu. Beba filta mbili mpya, moja haitoshi, manake tanki chafu linaziba ya pili siku hiyo hiyo.

Ukishafungua filta hewa imeingia, lazima utoe. Juu ya filta kuna pampu ya mkono, bonyeza bonyeza mpaka iwe ngumu kama jiwe, piga stata. Isipowaka legeza nati za paipu za nozo nusu mzunguko, mwenzako apige stata, ukiona dizeli inaruka bila povu kaza moja baada ya nyingine. Dizeli hiyo ina presha kali, usiweke kidole mbele yake na usichungulie karibu kwa uso. Ile pampu ya mkono yenyewe nayo huzeeka, mpira wake unapasuka na kuvuta hewa, dalili yake ni gari inayosumbua kuwaka asubuhi mpaka ubonyeze kwanza.

Sasa nikwambie iliyonifundisha kuangalia waya kabla ya dizeli. Tulikuwa tumepita Kalacha, tumekula makunyanzi ya barabara masaa mawili, yale yanayotikisa mpaka meno, na injini ikazima kama mtu aliyegeuza ufunguo. Haikukohoa, haikutetemeka, ilizima tu. Mimi nikasema hewa. Nikabadilisha filta, nikabonyeza pampu mpaka kiganja kikatoka lengelenge, nikalegeza nozo zote sita, dizeli haitoki hata tone, jua limesimama utosini. Masaa manne. Taniboi wangu alikuwa amelala chini akitafuta nati iliyoanguka, akaniita, "Mzee, hii waya si ilikuwa imeshika hapa?" Kwenye pampu ya dizeli kuna solenoidi ndogo, ukiwasha ufunguo umeme unaifungua dizeli ipite, ukizima inafunga. Waya wake mmoja, mwembamba, kipini chake kilikuwa kimeshatoka kinaning'inia, kimejaa vumbi jeupe. Nilikirudisha kwa vidole viwili, gari ikawaka. Tangu siku hiyo injini ikizima kwa ghafla namna hiyo nawasha ufunguo bila stata, mwenzangu anasikiliza pale kwenye pampu kama kuna tik. Hakuna tik, hakuna umeme, fuata waya, angalia fyuzi. Kuna tik, haya, sasa ni dizeli. Na ikiwa solenoidi ina umeme lakini imekufa yenyewe, unaifungua, unatoa kile kijipini na springi ndani, unairudisha bila hivo, gari itawaka, ila kuizima itabidi uingize gia kubwa, ukanyage breki na kuachia klachi.

STATA HAIGEUZI

Taa zinafifia ukigeuza ufunguo: shika vichwa vya betri utikise, vikicheza ni hapo, mtikisiko wa njia unavilegeza kila siku. Ukoko mweupe umwagie maji ya moto, kwangua, kaza. Taa zinabaki na nguvu na unasikia tak moja tu: ni zile kontakti za shaba ndani ya stata zimelika, ugonjwa wa kawaida wa Toyota, gonga kasha la stata kidogo kwa shina la nyundo huku mwingine anageuza ufunguo, mara nyingi itashika, na ukifika nunua kontakti, si stata nzima. Ikikataa kabisa, isukumwe ama ivutwe, gia ya pili, ndo maana usiku siegeshi mahali bondeni.

Oltaneta ikifa mchana usiogope na injini ya aina hii. Ile solenoidi inakula umeme kidogo sana, zima redio, zima feni ya ndani, usiwashe taa, usizime injini, betri nzuri itakufikisha.

IMEKWAMA

Kwanza niulize, habu za mbele umefunga? Simaanishi kuvuta gia ya fowili (magurudumu yote manne) tu, namaanisha ushuke uzungushe zile habu za kwenye magurudumu ya mbele kutoka FREE kwenda LOCK. Nimekuta magari mengi, mengine ya watu wazoefu, gia ya fowili imeingia na gurudumu la mbele halijageuka hata kidogo, nyuma zinachimba kaburi. Ukifika mahali lami ama murram ngumu inaisha, funga habu, na uziache.

Pili upepo wa tairi. Barabarani tunaenda na psi 40 ama zaidi ukiwa na mzigo. Kwenye mchanga shusha mpaka 20, utaona tairi inajitandaza na gari inaelea juu badala ya kukata. Ukikwama kabisa unaweza kwenda 15, lakini kwa tairi za tubu kama zile 7.50 za 16 usishuke zaidi ya hapo, rimu inazunguka ndani ya tairi na kung'oa valvu ya tubu. Ukiwa na upepo kidogo usipite kilomita 30 kwa saa na usikate kona kwa nguvu. Alafu jaza tena kabla ya kuingia kwenye mawe, pampu ndogo ya kushika kwa betri ni muhimu kama spea.

Mchanga wa laga na tope la Chalbi si kitu kimoja. Chalbi ilikuwa ziwa zamani sana, wakati wa kiangazi inakuwa sakafu ngumu nyeupe unaweza kukimbia kama uwanja wa ndege, ila huo ni ukoko wa chumvi, chini yake kuna mahali pana tope ambalo halikauki. Nyeupe iliyopasuka pasuka na yenye alama za magari ya juzi, pita. Rangi ikigeuka ya kahawia, ikang'aa kama imepakwa mafuta, kaa mbali. Mvua za Aprili na Mei ama za Oktoba na Novemba zikishanyesha usijaribu kukata katikati hata kama GPS inakuonyesha mstari ulionyooka, zunguka. Na usidhani mvua lazima inyeshe pale ulipo, inanyesha Hurri Hills ama Kulal na maji yanakuja kulala huku chini.

Ukihisi gari inapungua nguvu kama kuna mtu ameshika bampa ya nyuma, toa mguu. Usikanyage. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu bure ni sentimita unaenda chini. Rudi nyuma juu ya alama zako mwenyewe, pale pameshakubeba. Kama imegoma, shuka uchungulie chini: kama difu (kile kibumba cha gia katikati ya ekseli) na chasi zimelala juu ya tope, magurudumu yananing'inia na hakuna mbao ya kuweka itakayosaidia mpaka uchimbe tumbo la gari. Chimba tumbo kwanza. Jeki iwekee ubao mpana, wa kama sentimita 30 kwa 30, vinginevo jeki inazama na gari inabaki pale pale. Inua gurudumu, jaza chini mawe, vichaka vikavu, mikeka ya chuma kama unayo, shusha, nenda moja kwa moja bila kusimama mpaka uguse mahali pagumu.

Una winchi na hakuna mti? Chimba shimo mbele la kufika kiunoni, zika tairi la spea limelala kuegemea upande wa gari, pitisha mnyororo katikati, chimba mfereji wa kebo ili ivute kwa chini na si kwa juu. Ni kazi ya masaa, inavunja mgongo, na imenitoa mara mbili. Tandika blanketi zito juu ya kebo wakati inavuta na kila mtu akae mbali, kebo ikikatika inakata mtu.

Ukifika Marsabit osha gari chini kabisa, chasi, paipu za breki, vichwa vya betri. Ile chumvi inaendelea kula polepole na utakuja kulaumu fundi miezi mitatu baadaye.

Laga ivuke baada ya kuitembea kwa miguu, na usilale ndani yake hata mchanga uwe laini namna gani. Maji hufika usiku anga ikiwa na nyota zote.

TAIRI NA MAWE MEUSI

Kutoka Gus kuelekea Loiyangalani na kuzunguka Kulal kote ni mawe ya volkeno, meusi, makali kama chupa. Yanakata ubavu wa tairi, na ubavu hauzibwi kwa kiraka cha kawaida. Hapa usiende na tairi laini la mchangani, ubavu unatokeza nje, wala usiende na tairi gumu kama jiwe, 30 hadi 35 mimi naona inakaa sawa, na mwendo wa mtu anayekimbia. Spea mbili. Ubavu ukikatika kipande cha kidole, kata kipande cha tairi kuukuu, laini pembe zake kwa kisu, kiweke ndani kufunika jeraha, weka tubu, jaza upepo kidogo, nenda polepole. Kama huna wa kukanyagia tairi litoke kwenye rimu, tumia jeki ile ndefu, kanyagia mguu wake ukingoni mwa tairi chini ya bampa, uzito wa gari utalisukuma.

Nati za magurudumu kaza kila asubuhi. Ile tok tok polepole inayoongezeka ukipunguza mwendo mara nyingi ni nati tu.

CHINI YA GARI

Gari imeegemea upande mmoja na usukani unavuta, angalia springi za nyuma, jani kuu limekatika. Ukiona gurudumu halikai tena katikati ya matigadi, limesogea nyuma, ni senta bolti imekatika na ekseli inatembea. Inua chasi, weka kipande cha gogo kati ya ekseli na chasi, funga yote kwa mnyororo ama kamba za kukaza, na kilomita 15 kwa saa mpaka ufike. Itatikisa mifupa lakini itafika.

Gusa habu za magurudumu kila mnaposimama, kwa nyuma ya kiganja. Moja ikiwa moto kuliko wenzake ni beringi inakufa ama breki imeshika. Beringi ya mbele ya Land Cruiser inahitaji soketi ya 54, hiyo hutapata kwa mtu yeyote njiani, ibebe.

Injini inanguruma, gia imeingia, gari haiendi, na umesikia mlio wa kukatika nyuma: ni hafu shafti, ile fimbo ya chuma ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu. Kwenye hizi pikapu gurudumu halishikiliwi na shafti yenyewe, kwa hivo fungua zile nati za katikati, toa vipande, ziba tundu kwa bati na kitambaa kilichopakwa grisi mchanga usiingie, funga habu za mbele, ingiza fowili, utavutwa na magurudumu ya mbele. Klachi ikikosa mafuta na kanyagio limelala, ingiza gia ya kwanza ya chini, piga stata gari ikiwa ndani ya gia, itaanza kutambaa yenyewe na injini itawaka.

Tanki likitobolewa na jiwe, chukua sabuni ya kipande ya kufulia, isugue kwa nguvu juu ya tundu mpaka ijae. Dizeli haiyeyushi sabuni. Paipu ya breki ikikatwa, bana ile hosi kwa vaisigripi (koleo la kujifunga), jaza mafuta ya breki, utabaki na breki za magurudumu mengine, punguza mwendo.

IKIKATAA KABISA

Kaa na gari. Kutoka juu, ama mbali, gari linaonekana na mtu haonekani, na kivuli ni hicho tu. Njiani kutoka Marsabit ulishaambia mtu unapita njia gani na unatarajiwa saa ngapi, hata polisi wa kizuizi, na ukiuliza hapo utaambiwa pia hali ya usalama mbele. Mtandao wa simu unashika karibu na Kalacha na North Horr ila katikati ni kimya, simu ya setilaiti ama kile kifaa cha kutuma dharura ni pesa halali.

Asubuhi na jioni hewa ikitulia, choma tairi, moshi wake mweusi unaonekana mbali sana, lakini toa valvu kwanza upepo wote uishe, tairi lenye upepo likichomwa linapasuka. Mchana tumia kioo cha pembeni kumulika.

Wachungaji wa Wagabra wanajua visima vyote, na mara nyingi mtu atatokea na ngamia mahali ulipodhani hakuna roho. Msalimie, mpe maji kama unayo, eleza taratibu. Akienda kupeleka habari, mpe karatasi iliyoandikwa, jina la kijiji kilicho karibu, idadi ya watu, hali yao, maji yaliyobaki, na spea unayohitaji kwa jina lake kamili, manake ujumbe wa mdomo ukipita watu watatu filta inakuwa betri. Na kama siku ya pili ama ya tatu mtaokolewa na gari lingine mkaacha lenu pale, acha karatasi nyingine imefungwa kwenye usukani, tarehe, saa, mmeelekea wapi na wangapi, watu wanaowatafuta wasije wakaanza kufuata nyayo kuelekea upande ambao hamkwenda.